Namna ya kufundisha vijana kupika na lishe kwenye klabu, kwa sisi tulioko Mbeya, Iringa na Njombe

Kama una klabu ya vijana mtaani kwako, iwe ya kanisani, ya msikitini, ya shule au ni madogo tu wanaokutana jumamosi kucheza mpira, na unataka kuwafundisha kupika na mambo ya lishe, ombi langu la kwanza ni kwamba usianze na keki. Mimi nilianza na keki. Nipo Uyole hapa Mbeya, nilikuwa na vijana kama 16 wa miaka 12 mpaka 17, tukapika keki, tukapika sambusa, tukapika visheti, wakafurahi sana, kila jumamosi wanaongezeka mpaka wengine wanakaa nje mlangoni. Baada ya miezi miwili nikamuuliza binti mmoja haya nyumbani umepika nini katika vile tulivyojifunza, akaniangalia akasema anti kwetu hamna oveni, na mayai tunauza.

Hilo neno la mayai tunauza sikulisahau. Maana ndo maisha yetu huku. Rungwe wana maziwa, wana ndizi, wana parachichi, Kyela mchele na mawese, Uporoto viazi, Mbozi maharage na ulezi, Njombe parachichi linapandwa kila kona, Mufindi chai, yaani chakula kinatoka huku kinalisha Dar, lakini ule utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Mikoa yenye chakula ndo ina watoto wafupi kuliko umri wao. Sababu zipo nyingi, kuna maradhi, kuna maji machafu, kuna mama kushinda shambani toka alfajiri na mtoto kaachwa na dada yake wa miaka kumi, lakini sehemu kubwa ipo pale kwenye sufuria, kizuri kinaenda sokoni na nyumbani kinabaki ugali na mboga moja ile ile, na mtoto mdogo anapewa uji mwepesi kama maji.

Kwahiyo nikabadilisha kila kitu na sasa kabla sijaweka kitu kwenye ratiba najiuliza maswali matatu, je hiki chakula malighafi yake ipo nyumbani kwao au kwenye soko lao, je kinapikika kwenye mafiga au jiko moja la mkaa na sufuria moja au mbili, na je huyu dogo jumatatu mimi sipo anaweza kukirudia mwenyewe. Kama jibu moja ni hapana naacha.

Kabla hujawasha jiko

Nenda kwa wazazi kwanza. Usitume ujumbe wa simu, nenda, piga hodi, shikamoo, kaa kwenye kigoda waeleze. Ukienda Iringa au Njombe ukiingia na kamwene yako (salamu ya kule) umeshafungua nusu ya mlango. Waambie mtoto wako atashika kisu na moto na mtu mzima yupo pale, atakula pale, je kuna kitu hali, kuna kitu kinamdhuru, ana pumu, ana kifafa. Hilo la kifafa usiliruke, mtoto mwenye kifafa hatakiwi kukaa karibu na moto peke yake, anaweza kupewa kazi ya kukata au kuandika na akajifunza vile vile. Andika kwenye daftari jina la mzazi na namba.

Alafu waombe wavulana. Hapa utapata maneno, kuna baba aliniambia wazi mwanangu wa kiume hatafundishwa kupika mboga. Sikubishana nae, nilimwambia baba huyu kijana mwakani anaenda bweni, akitoka huko atapanga geto Sokomatola au Mafiati, atakula nini? Atakula chipsi kila siku na hela itaisha tarehe kumi. Akamleta. Na kwa kweli wavulana ndo wanakuwa wepesi sana kwenye mambo ya kupima na kuhesabu moto ukiwapa nafasi, ila usiwaache wawe waonjaji tu huku wasichana wanaosha vyombo. Gawa makundi ya watu wanne, mmoja anapika, mmoja anakata, mmoja anaosha na kuchota maji, mmoja anaandika na kuangalia saa, na kila jumamosi wanazunguka, hamna anaebaki kwenye sinki milele.

Vifaa hamna cha ajabu. Majiko manne, masufuria manne na mifuniko, visu vinne vikali (kisu butu ndo kinakata vidole maana unakisukuma kwa nguvu), mbao za kukatia, miiko, ungo, kinu na mchi, ndoo zenye mifuniko, kikombe kimoja na kijiko kimoja ambavyo ndo vitakuwa kipimo chenu cha siku zote. Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Hicho kibuyu chirizi kiwe projekti yenu ya kwanza kabisa, dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imetobolewa inaning'inia, madogo wanakitengeneza ndani ya saa moja alafu wanaenda kutengeneza na kwao karibu na choo. Hiyo peke yake ni lishe, maana mtoto anaeharisha kila mwezi hata umpe nini hakikai mwilini.

Moto na baridi yetu

Hapa naomba usome taratibu. Mwezi wa sita na wa saba huku baridi ni kali na watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na madirisha wanalala. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kisicho na hewa unatoa gesi ambayo haina harufu wala rangi, inamuingia mtu anaishiwa nguvu analala moja kwa moja. Usipike na vijana kwenye chumba kilichofungwa hata kama wanatetemeka, pika nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, na waambie wakawaambie nyumbani kwamba jiko likishapika linatolewa nje. Mimi hili nalirudia kila jumamosi mpaka wanaliimba.

Akiungua mtu, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, zote 20, sio dawa ya meno, sio unga, sio mafuta. Kidonda kikiwa kikubwa au kimetoa malengelenge usoni au mikononi mnaenda kituo cha afya. Masufuria mishikio yote inaangalia ndani, nywele zimefungwa, khanga na mitandio imekazwa nyuma, na watoto wadogo waliokuja na dada zao wanakaa mbali na moto na mtu wa kuwaangalia.

Jumamosi ya kwanza msipike

Najua wanakuja na njaa ya kupika ila siku ya kwanza fanyeni zoezi la jana ulikula nini. Chora ardhini au kwenye boksi la katoni maumbo sita, maana mwongozo wetu wa chakula wa Tanzania sasa una makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, alafu jamii ya kunde na karanga na mbegu, alafu vinavyotokana na wanyama, alafu mbogamboga, alafu matunda, na la mwisho mafuta yenye afya. Kila kijana anapewa punje za mahindi anakumbuka toka asubuhi ya jana mpaka alivyolala, kila alichokula anaweka punje kwenye kundi lake. Chai ya rangi na sukari haina pa kukaa, wataulizana sana hapo, waache waulizane.

Ukimaliza angalieni wote pamoja. Sisi mara ya kwanza kundi la nafaka lilijaa mpaka punje zinamwagika, mboga zilikuwepo, kunde kiasi, wanyama punje tatu, matunda punje moja, na hiyo moja ilikuwa ya mtoto aliyeokota parachichi njiani. Msimu wenyewe ulikuwa wa maparachichi! Usiseme kitu, usimwambie mtu kwenu mnakula vibaya, na usisome ya mtoto mmoja mmoja, angalia lundo la wote. Kuna mtoto pale hajala jana usiku na hataki ijulikane. Piga picha ile katoni au chora kwenye daftari tarehe na punje ngapi, utaihitaji baada ya miezi mitatu.

Na kwa sababu hiyo hiyo usipime uzito wa vijana mbele za watu wala kumwita mtu kimbaumbau au bonge. Ukiona mtoto ana dalili, nywele zimekuwa nyepesi nyekundu, miguu imevimba, kachoka kila siku, ongea na mzazi kwa siri na mwende zahanati.

Sokoni

Jumamosi ya pili nenda nao soko. Sisi tunaenda la Uyole, siku nyingine Soweto au Mwanjelwa, kila kundi linapewa hela sawa, sema elfu tano, wanunue mlo wa mchana wa watu watano wenye angalau makundi manne, na chenji irudi. Usiwasaidie. Kundi moja lilinunua nyama robo hela ikaisha, wakakaa wanaangalia wenzao wamenunua kikombe cha maharage, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), fungu la mboga, nyanya, ndimu na parachichi na bado wana mia tano. Hapo hujafundisha kitu wamejifunza wenyewe. Wafundishe tu kuangalia, usipa wa Nyasa mzuri umekauka vizuri na hauna harufu ya kuoza, maharage hayana vitobo vya wadudu wala mikunjo ya uzee, yai linazama kwenye maji likielea ni la zamani, na unga wa kiwandani na mafuta vyenye nembo ya kuongezwa virutubishi unaisoma kwenye pakiti.

Hela inatoka wapi? Kwetu kila mtoto analeta kitu, kikombe cha maharage, viazi viwili, kipande cha mkaa, na asiye na kitu anakuja mapema kuchota maji, tena hilo tunalipa heshima sawa na maharage. Wafadhili wakija karibu sana ila usijenge klabu ya kusimama juu ya mfadhili maana siku akiondoka na masufuria yanaondoka.

Maharage, somo ambalo nalipenda kuliko yote

Tuna bahati, Uyole hapa kuna kituo cha utafiti ambacho kimetoa aina nyingi za maharage yanayolimwa mikoa hii, na bado watu wanalalamika maharage yanamaliza mkaa. Na yanamaliza kweli, kuna sababu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, kila ukipanda mita 300 hivi inapungua kama nyuzi moja. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu, kwahiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu, Njombe ni kama 93, Kyela chini kule ni kama 98. Sufuria inatokota vizuri tu lakini joto lake ni dogo, ndo maana shangazi yako wa Kyela anaivisha mapema na wewe unasota. Ukipata kipimajoto cha maabara azima kwa mwalimu wa fizikia waoneshe, kuna kijana wangu aliyekuwa anachukia fizikia siku hiyo alikataa kwenda nyumbani.

Sasa fanya jaribio. Masufuria mawili, maharage yale yale kikombe kimoja kimoja, moja yamelowekwa toka jana jioni na moja makavu, mkaa umepimwa kwa bakuli sawa. Yaliyolowekwa mwaga yale maji ya kulowekea, weka mengine safi, chemsha kwa nguvu dakika kumi za mwanzo usipunguze moto, hasa maharage mekundu yana sumu ambayo inataka mchemko wa nguvu, ukiyaacha kwenye moto mdogo tu toka mwanzo yanaumiza tumbo na kutapisha. Baada ya hapo funika, punguza moto. Nyanya na ndimu usiweke kabla hayajalainika, uchachu unayafanya yagome. Magadi wengi wanaweka, ni kweli yanalainisha haraka ila yanaharibu vitamini B1, mi nawaambia mkilowesha hamna haja ya magadi. Mwandishi wa kila kundi anaandika yameiva saa ngapi na mkaa umebaki kiasi gani, alafu wanapiga hesabu kwa mwezi nyumbani wataokoa mkaa wa shilingi ngapi. Hiyo hesabu ndo inamfanya mama akubali, lishe peke yake saa nyingine haimshawishi mtu mwenye mkaa wa kuhesabu.

Yakiiva pika makande. Kuna watu wanaona makande ni chakula cha shida, naomba huo mtazamo tuuondoe kwa hawa watoto maana mahindi yana upungufu wa sehemu ya protini ambayo maharage yanayo, na maharage nayo yanapungukiwa kitu ambacho mahindi yanacho, vikikutana kwenye sahani vinakamilishana karibu kama nyama. Weka karoti, weka majani ya maboga mwishoni, tui kama lipo au karanga zilizotwangwa, usipa uliosafishwa na kukaangwa kidogo. Usipa unaliwa na mifupa yake, ndo kalsiamu hiyo.

Mboga za majani, chai na chumvi

Mboga zetu tunaziua kwa kuchemsha. Wafundishe kuosha kabla ya kukata, ukikata alafu ukaosha vitamini inaondoka na maji. Katakata, tia kwenye kitunguu na nyanya zilizokwishaiva, funika, dakika chache tu, iwe chainizi, figiri, mchicha au mnafu (mnafu na matembele vinataka kidogo zaidi, na kisamvu ndo usiharakishe kabisa, kitwangwe na kichemke muda mrefu bila kufunika mwanzoni kwa sababu majani ya muhogo yana sumu yake). Maji ya mboga hayamwagwi. Mafuta kidogo lazima, vitamini A ya kwenye majani, karoti, boga na viazi lishe vya rangi ya chungwa haiingii mwilini vizuri bila mafuta, na ukipata mawese mekundu ya Kyela yenyewe tayari yana hiyo vitamini.

Kamulia ndimu ukishaipua. Ndimu au limao au kipande cha chungwa baada ya kula kinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Tukuyu na Mufindi, chai. Chai tunayoinywa pamoja na chakula inazuia yale madini ya chuma yasiingie. Simkatazi mtu chai kwenye baridi hii, nawaambia wakae kama saa moja baada ya kula ndo wanywe, na wasichana ambao wameshavunja ungo nawaambia mara mbili mbili kwa sababu wanapoteza damu kila mwezi, wanakuja klabu wanasikia kizunguzungu wanadhani ni uvivu. Kama anazimia au anahema akipanda kilima kidogo ni zahanati akapimwe damu.

Chumvi ya madini joto iwekwe mwishoni chakula kikikaribia kuiva, na ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko na jua, maana madini yenyewe yanapotea kwa joto na hewa. Waulize wakaongee na bibi zao kuhusu goita, huku milimani zamani watu wengi walikuwa na rovu shingoni kwa kukosa hayo madini kwenye udongo na chakula. Wakirudi na hizo hadithi hutahitaji kufundisha tena.

Mahindi na unga

Kifupi tu: dona ina kiini na ganda, sembe nyeupe vimetolewa, kwahiyo dona ni bora ila haikai muda mrefu, saga kidogo kidogo. Kabla ya kusaga mwaga mahindi kwenye ungo wachague, punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa inatolewa, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Sumukuvu haifi kwa kupika. Na yale yaliyotolewa asipewe kuku wala yasitengenezwe pombe ya komoni, yafukiwe.

Uji wa mdogo wako

Vijana wengi wa klabu wanalea wadogo zao, ukweli ndo huo, kwahiyo wafundishe uji. Mtoto akishafika miezi sita anaanza chakula huku ananyonya mpaka miaka miwili au zaidi, na tumbo lake ni dogo, ukimpa uji wa kunywa kama chai anashiba maji. Uji mzito ukiinamisha kijiko haudondoki haraka. Lakini mzito sana mtoto anakataa, ndo hapo bibi zetu walikuwa na akili ya kimea.

Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funga kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uote vimizizi, kausha juani juu ya kitu safi, pukuchua vile vimizizi, saga. Pika uji mzito kabisa hadi mwiko unasimama, ipua upoe kidogo, bado wa moto ila sio wa kutokota, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea koroga. Mbele ya macho yao uji unalegea unakuwa laini bila kuongeza tone la maji. Siku niliyofanya hivi walipiga kelele. Alafu rudisha jikoni uchemke tena ndo umpe mtoto. Chakula ni kile kile, kimekuwa rahisi kumeza.

Kwenye uji huo huo piga yai moja uchanganye uchemke vizuri, au parachichi lililopondwa ukishaipua, au maziwa, au karanga safi zilizosagwa, au usipa uliosafishwa, ukakaushwa na kutwangwa unga. Kimoja au viwili kwa siku na kesho kingine. Mimi sipendi ule unga wa lishe wa kuchanganya vitu kumi, mchele, ngano, soya, karanga, dagaa, vyote vinasagwa pamoja vinakaa mwezi mzima kwenye ndoo. Havivi kwa muda mmoja, karanga zinachacha, na soya mbichi isiyoivishwa vizuri inazuia protini isimeng'enywe. Weka unga wa nafaka moja, vingine ongeza siku ya kupika.

Kuhusu mayai utakutana na bibi atakwambia mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa hana nywele. Usimcheke bibi mbele ya wajukuu. Mimi nilimwalika mmoja aje atufundishe kutengeneza kimea, akaheshimiwa, akala na sisi, akaona watoto wanakula mayai, na kwenye kula tukaongea. Hakusema amekubali, ila wiki ya tatu mjukuu wake akaniambia bibi kasema yai moja moja tunaweza kula mengine tuuze.

Kazi ya nyumbani na siku ya wazazi

Kila jumamosi wanaondoka na kitu kimoja cha kufanya kwao kabla ya jumamosi ijayo, kimoja tu. Loweka maharage jumatano. Kamua ndimu kwenye mboga. Panda mchicha na figiri kwenye kiroba kilichojazwa udongo na samadi, kitobolewe pembeni, kimwagiwe maji yaliyooshea mboga. Wakirudi wanasimulia, na anaesema mama alikataa nae anasikilizwa, mnajadili aongee nae vipi.

Baada ya miezi mitatu rudia lile zoezi la punje za mahindi kwenye katoni mpya, weka na ile ya zamani pembeni, wahesabu wenyewe. Kwetu nafaka haikupungua wala sikutaka ipungue, ila matunda na kunde ziliongezeka na mayai yalionekana. Siku hiyo hiyo ita wazazi waje wapikiwe na watoto wao kwa bajeti ile ile ya elfu tano, mtoto anasimama anaeleza sahani yake ina nini na imegharimu shilingi ngapi. Hakikisha akina baba wanakuja, panga baada ya ibada au siku isiyo na mnada, maana baba ndo mara nyingi anaamua debe gani linauzwa na lipi linabaki.

Kuanza, wakati mzuri ni mvua zikiwa zinaendelea, mboga zipo kila kona, ili mpaka kiangazi kifike muwe mmeshajifunza kukausha mboga kivulini kwa ajili ya miezi mikavu. Ila hata ukisoma hii mwezi wa nane anza tu na maharage. Ijumaa jioni loweka vikombe viwili, jumamosi saa tatu asubuhi uwe na katoni, kalamu nene, punje za mahindi kwenye kopo na sabuni, na yale maharage uwapikie wewe siku hiyo huku wao wanahesabu punje, wale kabla hawajaondoka.